Walimu wa Kiume katika Shule za Msingi: Burundi na Kongo kwa Kulinganisha



Tuanze na sentensi ya Kifaransa ambayo ingeweza kutolewa katika mtihani wowote wa tafsiri hapa idarani: « Le pays compte cinquante mille enseignants. » Haina neno gumu hata moja. Hata hivyo, mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kwamba enseignant ni mwalimu wa kiume na enseignante ni mwalimu wa kike anaweza, kwa nia njema kabisa, kuandika: "Nchi hiyo ina walimu wa kiume elfu hamsini." Kisarufi ana hoja. Kitakwimu amewageuza wanawake wote wanaofundisha katika nchi hiyo kuwa wanaume, na kama nchi yenyewe ni Burundi, watu aliowageuza jinsia ni wapatao elfu ishirini na tano.

Makala hii inahusu watu hao wanaopotea njiani kati ya lugha na lugha, na hasa wenzao wa kiume. Inakusudia kulinganisha idadi ya walimu wanaume wa shule za msingi nchini Burundi na katika nchi jirani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kueleza kwa nini nchi mbili zinazotazamana kutoka kila upande wa ziwa zina sura tofauti kiasi hicho ndani ya darasa. Tumeiandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kwa hiyo mtatusamehe tukisimama mara kwa mara kutazama maneno yenyewe.

Neno mwalimu na jinsia yake

Kiswahili hakina shida aliyonayo Mfaransa. Mwalimu ni mwalimu. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, ambacho kina umbo la kiume na la kike, mu'allim na mu'allima. Kiswahili kililichukua umbo la kwanza, kikaiona silabi yake ya mwanzo kuwa inafanana na kiambishi cha ngeli ya watu, kikaipa wingi wa wa-, na jambo likaishia hapo. Umbo la kike hatukulichukua. Kirundi nacho hufanya vivyo hivyo: umwigisha anaweza kuwa baba au mama, na huwezi kujua mpaka umwone.

Ni kweli kwamba watoto wa Uvira na Bukavu, wakifuata Kifaransa cha shuleni, humwita mwalimu wa kiume metre na wa kike madamu, na hata hapa Bujumbura maneno hayo hayako mbali na masikio yetu. Lakini mtoto huyohuyo akiulizwa kazi ya mzazi wake atajibu: "Ni mwalimu." Basi tukitaka kuhesabu wanaume peke yao ni lazima tuongeze neno: walimu wa kiume, au walimu wanaume. Matumizi yote mawili yapo. La pili lina faida ya kutochanganywa na maana nyingine ya "kiume", ile ya ushujaa na ukakamavu. La kwanza ndilo lililozoeleka katika takwimu. Tutayatumia yote mawili bila kuona haya.

Kwa nini Kongo?

Watu wa Burundi wakitaka kujilinganisha na wengine katika elimu, macho huenda kwanza Rwanda au Tanzania. Kwa swali letu, nchi hizo hazitufundishi mengi. Katika miaka ya 2010, walimu wa shule za msingi nchini Tanzania na Rwanda walikuwa wamegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya wanaume na wanawake, kama ilivyokuwa Burundi. Uganda wanaume walikuwa wengi zaidi, lakini si kwa kiasi cha kushangaza.

Kongo ni habari nyingine. Kwa mujibu wa takwimu ambazo Taasisi ya Takwimu ya UNESCO hukusanya kutoka kwa serikali, katika miaka hiyohiyo ya 2010 wanaume walikuwa zaidi ya asilimia 70 ya walimu wa shule za msingi nchini Kongo. Maana yake, ukiingia madarasa kumi ya Kongo bila kuchagua, saba kati ya hayo yanafundishwa na mwanamume. Ukifanya hivyo Burundi, ni matano. Na kutoka Bujumbura hadi Uvira ni kiasi cha kilomita 30 tu kwa barabara, kupitia Gatumba na Kavimvira. Siku ya anga safi, mtu aliyesimama ufukweni huku huiona milima ya kule kwa macho yake.

Ili kuona kila nchi iko wapi, inafaa tutazame mbali kidogo. Duniani kote, takriban theluthi mbili ya walimu wa shule za msingi ni wanawake. Marekani mwalimu wa kiume katika madarasa ya chini ni mmoja hivi kati ya kumi, na Shelisheli, nchi ya Kiafrika, wanaume ni wachache vilevile. Kwa upande wa pili kuna Chad na Liberia, ambako wanaume wamekuwa wengi mno kupita hata Kongo. Afrika kusini mwa Sahara kwa ujumla ina wanaume wanaozidi wanawake kidogo. Kwa hiyo anayesema kwamba "Afrika ualimu ni kazi ya wanaume", na anayesema kwamba "kufundisha watoto wadogo ni kazi ya wanawake kila mahali", wote wawili hawajafungua kitabu cha takwimu.

Idadi na asilimia

Hapa inabidi tufanye hesabu kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi wa lugha wanapokimbia. Tuchukue tarakimu za kukadiria. Burundi, mwishoni mwa miaka ya 2010, ilikuwa na walimu wa msingi wapatao 50,000. Kongo, katikati ya muongo huo, ilikuwa nao kama 400,000. Miaka haifanani sawasawa, lakini kwa tofauti kubwa kama hii haiharibu kitu. Kwa Burundi tuseme nusu ni wanaume: 25,000. Kwa Kongo, kwa ajili ya hesabu tu, tuseme wanaume ni asilimia 72: tunapata 288,000, na wanawake 112,000.

Sasa tazama. Kongo, ambayo tumetoka kusema kuwa ni nchi ya walimu wanaume, ina walimu wa kike wengi kuliko walimu wote wa Burundi, waume kwa wake, mara mbili na zaidi! Mtu akitaka kuandika kichwa cha habari cha kusema kwamba Kongo inaongoza kwa walimu wa kike, hatakuwa amesema uongo. Atakuwa amechagua idadi mahali palipohitaji uwiano.

Lipo jambo la pili ndani ya hesabu hii, nalo kwangu ni muhimu zaidi. Idadi ya watu wa Kongo katika miaka hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya Burundi kwa mara saba hivi. Jumla ya walimu wake ilikuwa mara nane. Yaani ukitazama walimu bila kuuliza jinsia yao, nchi hizi mbili zinakaribiana: kila moja ina walimu wa kutosha au wa kutotosha kwa kiasi kilekile, kulingana na ukubwa wake. Lakini walimu wanaume wa Kongo ni zaidi ya mara kumi na moja ya wale wa Burundi, na walimu wa kike ni mara nne na nusu tu. Tofauti yote imekaa katika jinsia. Kwa hiyo hatuwezi kuieleza kwa kusema tu kwamba Kongo ni kubwa, wala kwamba ni maskini, maana Burundi nayo si tajiri.

Mkoloni mmoja, mapadri walewale

Wengi wetu tukikosa maelezo humtaja mkoloni. Safari hii mkoloni hatusaidii, kwa sababu ni yuleyule. Ubelgiji iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala mwaka 1925. Elimu pande zote mbili iliachwa mikononi mwa misheni. Mvulana aliyefaulu alielekezwa kuwa karani, katekista au mwalimu. Msichana alifundishwa nyumba.

Mfano wa jambo hili tunao hapahapa. Mwaka 1946 hapa Usumbura, kama mji huu ulivyoitwa, kilianzishwa kituo kilichoitwa foyer social kwa ajili ya wanawake wa mitaa ya Waafrika. Walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kulea watoto kwa namna Wabelgiji walivyotaka. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt amekiandikia utafiti mzima kituo hicho kuanzia 1946 hadi 1960. Mwanamke aliyehitimu pale alitoka na ujuzi wa kutunza nyumba ya mume aliyeajiriwa. Cheti cha kufundisha darasa hakikuwa sehemu ya mpango. Na vituo vya namna hiyo vilikuwako Kongo pia.

Kwa hiyo Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Burundi tarehe 1 Julai 1962, nchi zote mbili zilianza safari na mwalimu wa aina moja: mwanamume, mara nyingi mwenye uhusiano wa karibu na kanisa. Kilichozitenganisha kilitokea baadaye, nacho hakikuwa kimoja.

Burundi baada ya uhuru

Upande wa Burundi, shule za ualimu za wasichana, nyingi zikiwa chini ya masista, zilifungua njia. Kwa msichana aliyefika sekondari katika nchi yenye nafasi chache, ualimu ulikuwa mlango uliokuwa wazi na ulioheshimika. Serikali ilikuwa mwajiri, mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulifika mwisho wa mwezi. Tusiudharau mshahara mdogo unaofika.

Aidha, historia ya walimu wa kiume nchini Burundi haiwezi kuupita kimya mwaka 1972. Katika mauaji ya mwaka huo waliolengwa walikuwa hasa Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi wa shule za ualimu na wa Chuo Kikuu, wauguzi, watumishi wa serikali. Wengi wao walikuwa wanaume, kwa sababu waliosoma wakati huo wengi walikuwa wanaume. Waliookoka walikimbilia Tanzania, Rwanda na Zaire ya wakati ule, na baadhi yao wakaendelea kushika chaki huko walikofika. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwapoteza wengine. Asilimia ikiandikwa kwenye jedwali haionyeshi ni nani aliyeondoka kwa kustaafu na ni nani aliyeondoka usiku. Mwalimu wa lugha anayelisoma jedwali hilo darasani afadhali alijue hilo, hata kama ataamua kutolisema mbele ya wanafunzi wenye umri mdogo.

Kisha ikaja hatua ya mwaka 2005, ada za shule za msingi zilipofutwa. Wanafunzi waliokuwa milioni moja hivi walikaribia milioni mbili ndani ya miaka mitano. Serikali ililazimika kuajiri walimu wapya kwa maelfu, na kwa kuwa wasichana wengi walikuwa tayari wamepitia mafunzo, walioingia walikuwa wa jinsia zote mbili. Nusu kwa nusu ikabaki nusu kwa nusu.

Kongo: mshahara ulipokatika

Upande wa pili wa ziwa mambo yalikwenda kombo kwa namna nyingine. Tangu mkataba wa mwaka 1977, shule nyingi za Kongo (wakati huo Zaire) ni za serikali kwa jina la mshahara na za makanisa kwa uendeshaji: za Kikatoliki, Kiprotestanti, Kikimbangu, na za Kiislamu. Mshahara wenyewe ukaanza kuyeyuka katika miaka ya 1980, wakati ilipoundwa ofisi ya kuwahakiki na kuwalipa walimu, SECOPE, ambayo nafasi yake sasa imechukuliwa na DINACOPE. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya migomo mirefu, wazazi walianza kuwalipa walimu kutoka mifukoni mwao. Mpango uliokusudiwa kuwa wa muda ukadumu zaidi ya robo karne, mpaka serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo katika mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019.

Hapa ndipo pa kukataa maelezo yanayopendwa sana. Husemwa kila mahali kwamba wanaume hukimbia ualimu mshahara unapopungua, na wanawake ndio huachiwa kazi yenye malipo duni. Ulaya na Marekani huenda imekuwa hivyo. Kongo inakanusha. Huko mshahara ulipungua mpaka ukawa si kitu, na wanaume wakabaki darasani. Kama nadharia ingekuwa kweli kila mahali, shule za Kivu zingekuwa na madamu watupu.

Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba mshahara unapokufa si kila mtu hukimbilia upande mmoja. Katika miji ya mashariki ya Kongo mwanamke ndiye aliyeibeba familia kwa biashara ndogondogo: samaki, mihogo, kitenge, mafuta ya mawese, kuvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Biashara hiyo humpa pesa leo. Ualimu humpa ahadi. Mwanamume mwenye diploma ya serikali, ile inayoitwa D6 kwa walimu, kijijini hana ofisi nyingine ya kuingia. Akibaki shuleni anabaki na cheo, anabaki katika orodha, na anangoja siku jina lake litakapotambuliwa na kulipwa. Wakongo wana hata majina ya wanaongoja: wapo NU, wale "wapya" ambao hawajaingizwa kwenye malipo, na wapo NP, wasiolipwa. Mtu anaweza kuwa "mpya" kwa miaka kumi. Mara nyingi nyumba ya mwalimu wa namna hiyo husimama kwa sababu mke wake yuko sokoni. Takwimu zikija, mume anahesabiwa chini ya elimu, na mke hahesabiwi popote.

Kuna pia sababu iliyo wazi zaidi. Ili mtu awe mwalimu ni lazima amalize sekondari, na kwa miongo mingi wasichana wa Kongo waliofika mwaka wa sita wa sekondari walikuwa wachache kuliko wavulana, hasa mikoani. Ada ikilipwa na mzazi, na pesa zikitosha mtoto mmoja, tunajua mara nyingi ni yupi aliyebaki nyumbani. Tangu 1996 vita vya mashariki vimeongeza lingine: mwanamke kutumwa peke yake kufundisha katika kijiji cha mbali, kwenye njia zenye watu wenye silaha, ni jambo ambalo familia nyingi hazikulikubali, na haziwezi kulaumiwa.

Nusu isiyoonekana popote

Msomaji anayeishi Nyakabiga anaweza kutupinga. Atasema: nusu gani hiyo? Shule za mtaani kwetu zimejaa walimu wa kike! Naye ana haki. Mjini Bujumbura wanawake ni wengi mno katika shule za msingi, na mtoto wa Nyakabiga, Bwiza au Buyenzi anaweza kupanda darasa baada ya darasa bila kufundishwa na mwanamume. Vijijini, kwenye milima iliyo mbali na barabara, wanaume huwa wengi zaidi. "Nusu" tunayoisoma ni wastani wa hali hizi mbili. Si picha ya shule fulani ambayo mtu angeweza kwenda kuitembelea.

Sababu ya mji kujaa inajulikana. Mume akipata kazi Bujumbura, iwe wizarani, jeshini au katika kampuni, mke mwalimu huomba kuhamishiwa karibu naye, na utaratibu wa kuunganisha familia umemruhusu. Kwa miaka mingi mji umekuwa na walimu wa ziada na vijiji vikawa na upungufu. Wizara imejaribu katika miaka ya karibuni kuwarudisha wengine mahali wanakohitajika, jambo ambalo halikosi machozi. Kongo nayo ina mpasuko wa aina hiyo: Kinshasa ina walimu wa kike wengi kuliko mikoa ya ndani. Pengine kuna kufanana zaidi kati ya Bujumbura na Kinshasa kuliko kati ya Bujumbura na mlima wa mpakani mwa Burundi yenyewe.

Na ukiuliza ni nani mkurugenzi wa shule, pande zote mbili jibu linarudi kulekule: mara nyingi ni mwanamume. Wanawake wameingia darasani kwa nusu, ofisini bado. Jedwali linaloandika "walimu" tu bila kutenga wakurugenzi haliwezi kukuonyesha hilo.

Hili linatugusa sisi tunaoandaa vifaa vya kufundishia. Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi za Burundi katikati ya miaka ya 2000, pamoja na Kiingereza, na mwalimu wa darasa, awe mwanamume au mwanamke, ndiye anayekifundisha pamoja na masomo mengine. Kifungu cha habari kinapohitaji mwalimu, mwandishi wa Kiswahili ana uhuru wa kutosema jinsia yake. Lakini mchoraji hana uhuru huo: ni lazima achore suruali au kitenge. Na mwandishi mwenyewe hupoteza uhuru wake mara anapoandika "Bwana Mwalimu" au "Bibi Mwalimu". Mtoto wa Nyakabiga aliyefundishwa na wanawake tangu darasa la kwanza, akikuta katika kitabu kwamba kila mwalimu ni bwana mwenye miwani, atajifunza kwamba kitabu kinazungumzia nchi nyingine. Tunashauri wanafunzi wanaotunga vifungu vya habari kwa ajili ya mazoezi ya ufundishaji wachanganye, na wasingoje kuambiwa.

Tahadhari mbili za mfasiri

Kwanza, "shule ya msingi" si neno lenye maana moja. Tangu mageuzi ya mwaka 2013, Burundi ina elimu ya msingi ya miaka tisa, ambapo zamani ilikuwa sita. Kongo nayo, kwa sheria ya mwaka 2014, ina elimu ya msingi ya miaka minane, lakini ndani yake sita ya kwanza bado huitwa primaire, na miwili inayofuata huhesabiwa upande wa sekondari. Mtu akichukua walimu wa madarasa tisa ya Burundi akawalinganisha na walimu wa madarasa sita ya Kongo, atakuwa amelinganisha vitu viwili tofauti, na walimu wa kiume wa Burundi wataongezeka ghafla, kwa sababu madarasa ya juu huwa na wanaume zaidi. Takwimu za kimataifa hukata miaka sita kwa nchi zote mbili. Za kitaifa hufuata sheria ya nchi. Mfasiri aangalie anasoma zipi kabla ya kuchagua kati ya "msingi" na "madarasa sita ya kwanza".

Pili, kiunganishi "ya" kidogo hivi kinaweza kugeuza nchi. "Wanaume ni asilimia 72 ya walimu" ni habari kuhusu walimu. "Asilimia 72 ya wanaume ni walimu" ni habari kuhusu wanaume, na ingekuwa kweli Kongo isingekuwa na mvuvi wala mchimba madini. Wanafunzi husoma sentensi hizo mbili haraka wakaziona ni moja. Njia rahisi ya kuzitenganisha darasani ni kuuliza: mia nzima ni akina nani? Katika sentensi ya kwanza mia ni walimu. Katika ya pili mia ni wanaume. Vivyo hivyo na "kuongezeka kwa asilimia 5" na "kuongezeka hadi asilimia 5". Anayetaka mazoezi zaidi achukue jedwali lolote la wizara ya elimu, afunike maelezo ya Kifaransa kwa karatasi, abakize tarakimu na vichwa vya safu, kisha aandike sentensi sita za Kiswahili: tatu zenye idadi, tatu zenye asilimia. Ampe mwenzake azisome na kuchora jedwali upya. Majedwali mawili yakitofautiana, watafute pamoja ni neno gani lililosababisha.